Huruma Pekee Haitulizi Maumivu: Wauguzi wa Kibera na Kawangware na Tiba Shufaa

Katika mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, mtu anayeugua maradhi yasiyo na tiba hukutana na muuguzi mara nyingi kuliko anavyokutana na daktari, na kwa sababu hiyo yale anayoyajua muuguzi huyo, anayoyaamini na anayoruhusiwa kuyatenda ndiyo yanayoamua iwapo miezi ya mwisho ya mgonjwa itakuwa ya mateso au ya utulivu. Mijadala kuhusu tiba shufaa nchini Kenya imezoea kumtazama muuguzi kwa jicho la lawama, ikidai kwamba elimu yake ni haba na mtazamo wake ni wa woga. Makala haya yanashikilia kwamba lawama hiyo imeshika nusu tu ya ukweli, kwa kuwa elimu isiyoandamana na dawa, pamoja na idhini ya kuitoa dawa hiyo, haimfikii mgonjwa, na muuguzi aliyefundishwa kisha akafungwa mikono hana budi kurudia mazoea ya zamani ya vidonge vya parasetamoli na maneno ya pole.

Tiba shufaa ni huduma inayolenga kuzuia na kupunguza mateso ya mtu mwenye ugonjwa unaotishia uhai, pamoja na mateso ya jamaa zake, kwa kutambua mapema maumivu na shida nyingine za mwili, za nafsi, za kijamii na za kiroho, na kuzishughulikia zote kwa pamoja. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, huduma hii haingojei saa ya kufa, bali huanza mapema, sambamba na matibabu yanayokusudia kuponya, na huendelea hata baada ya mazishi kwa kuwaliwaza waliofiwa. Msingi wake wa kisasa uliwekwa na Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kazi akiwa muuguzi kabla ya kusomea udaktari, aliyefungua hospisi ya St Christopher's mjini London mwaka 1967 na kufundisha kwamba maumivu ya mgonjwa hayatokani na uvimbe au kidonda peke yake, bali pia na hofu ya kuacha watoto, aibu ya kuwa mzigo na maswali ya imani. Mwenendo huo ulifika Afrika mwaka 1979, hospisi ya Island ilipoanzishwa Zimbabwe, na Kenya ilipata Hospisi ya Nairobi mwaka 1990, katika uwanja wa Hospitali Kuu ya Kenyatta. Ifahamike kwamba hospisi si lazima iwe jengo lenye vitanda vya kulaza wagonjwa mahututi, kwani sehemu kubwa ya kazi yake ni kumhudumia mgonjwa anayekuja na kurudi kwake, na kumfuata yule asiyeweza kuja.

Ukubwa wa haja ya huduma hii hauhitaji kutiliwa chumvi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba Kenya ilipata wagonjwa wapya wa saratani zaidi ya 42,000 katika mwaka mmoja, na waliokufa kwa maradhi hayo walikuwa kama 27,000, na miongoni mwa saratani zinazoua zaidi zimo za matiti, mlango wa kizazi na umio, ambazo mara nyingi hugunduliwa zikiwa zimeshaenea, wakati upasuaji na mionzi haviwezi tena kumwokoa mgonjwa. Juu ya hao wapo wenye moyo ulioshindwa kufanya kazi, figo zilizokufa, kiharusi, selimundu na Ukimwi uliokomaa. Kibera haiko mbali na tiba kwa kipimo cha kilomita, maana Hospitali ya Mbagathi iko jirani kabisa, nayo Hospitali Kuu ya Kenyatta haiko mbali, ilhali Kawangware imepakana na Lavington, mmoja wa mitaa ya matajiri wa Nairobi. Lakini mtu ambaye saratani imemla uti wa mgongo hawezi kupanda bodaboda kwenye vichochoro vya Gatwekera au Laini Saba, Kibera, na jamaa anayeishi kwa vibarua hupoteza ujira wa siku nzima kila anapompeleka foleni, kwa hiyo hospitali iliyo karibu kwa macho inakuwa mbali kwa mfuko na kwa nguvu za mwili.

Anayebaki naye karibu ni muuguzi wa zahanati na wa kituo cha afya. Katika mpangilio wa ngazi sita za huduma nchini Kenya, ngazi ya kwanza ni ya jamii, ya pili ni zahanati na ya tatu ni kituo cha afya, na katika ngazi hizi wanaopatikana kwa kawaida ni wauguzi na maafisa wa kliniki, si madaktari. Historia ya Kibera yenyewe inathibitisha uzito wa taaluma hii, kwa kuwa zahanati inayojulikana kwa jina la Tabitha ilianzishwa na muuguzi, Tabitha Atieno Festo, ambaye mwanzoni mwa miaka ya 2000 aligeuza faida ya biashara ndogo ya mboga kuwa mtaji wa kuwatibu majirani nyumbani kwake. Ukimwi ulipokuwa ukivuna watu kabla ya dawa za kupunguza makali ya virusi kuenea, wauguzi na wahudumu wa kujitolea katika mitaa kama hii ndio waliokwenda nyumba kwa nyumba kuwaosha wagonjwa, kuwageuza kitandani wasipate vidonda vya kulalia na kuwafundisha jamaa kuwalisha. Kazi hiyo iliitwa huduma ya nyumbani, lakini kwa hakika ilikuwa tiba shufaa isiyo na dawa ya kutosha ya maumivu. Wagonjwa walipoanza kuishi kwa sababu ya dawa mpya, ambalo ni jambo la kushukuriwa, msisitizo ulihamia kwenye vidonge na vipimo vya virusi, na ujuzi wa kukaa kando ya kitanda cha mtu asiyepona ukaanza kufifia bila kurithishwa kwa ajili ya wagonjwa wa saratani waliofuata.

Watafiti wanaopima ujuzi wa wauguzi kuhusu tiba shufaa hutumia mara kwa mara hojaji ya maswali 20 iliyotungwa nchini Kanada mwaka 1996, na kwa upande wa mtazamo hutumia kipimo cha kauli 30 kilichobuniwa na Katherine Frommelt, Mmarekani, kinachomuuliza muuguzi anavyojisikia kumhudumia mtu anayekufa. Uchunguzi mmoja unaostahili kuzingatiwa na Wakenya ulifanyika katika hospitali za Addis Ababa, Ethiopia, na kuchapishwa mwaka 2014: kati ya wauguzi 341 waliohojiwa, ni asilimia 30.5 tu waliokuwa na ujuzi mzuri, lakini asilimia 76 walikuwa na mtazamo unaoipendelea huduma hiyo. Ingawa Addis Ababa si Nairobi, na hospitali si zahanati ya mtaani, takwimu hizo zinabomoa dhana kwamba tatizo la msingi ni roho ngumu ya muuguzi, kwa sababu zinaonyesha nia njema iliyoutangulia ujuzi kwa mbali. Mtu mwenye nia njema na ujuzi mdogo hapaswi kuhubiriwa huruma, ambayo tayari anayo. Anapaswa kufundishwa kazi.

Pengo la ujuzi linaonekana wazi kabisa katika suala la mofini, dawa ya jamii ya afyuni ambayo kwa miongo kadhaa imekuwa nguzo ya kutuliza maumivu makali ya saratani. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliopanga dawa za maumivu kwa ngazi, kuanzia parasetamoli na jamii yake, kupanda hadi kodeini, na kufikia mofini, na kusisitiza kwamba dawa itolewe kwa mdomo na kwa saa maalumu bila kungoja maumivu yarudi. Muuguzi ambaye hakufundishwa hayo vyema huamini mambo matatu yanayomdhuru mgonjwa: kwamba mofini ni ya mtu aliye katika pumzi za mwisho, kwamba atakayepewa atakuwa mraibu, na kwamba dawa yenyewe ndiyo inayoua kwa kuzima pumzi. Ukweli ni kwamba mofini hutolewa kulingana na ukali wa maumivu, si kulingana na siku zilizobaki. Mwili kuizoea dawa hata ukahitaji kupunguziwa taratibu ni jambo moja, na uraibu, yaani kuitamani dawa na kuitafuta hata kwa madhara, ni jambo lingine. Nacho kipimo kinachoanza kidogo na kuongezwa kwa uangalifu huku mgonjwa akifuatiliwa ni salama. Tatizo linalomsumbua karibu kila mgonjwa ni kufunga choo, na ndiyo maana muuguzi stadi humwandalia dawa ya kulainisha choo siku ileile anapoanza mofini, hasa katika mtaa ambao choo kinashirikiwa na jamaa wengi na safari ya kwenda huko usiku ni ya hatari.

Mtazamo nao una pande zake, na haifai kuujumlisha kwa neno moja. Muuguzi anaweza kuwa mwepesi wa kumwosha mgonjwa na kumfariji, lakini akawa mzito wa kuzungumza naye kuhusu kifo, na uzito huo haukuzuka hewani. Jamaa humvuta kando wakamsihi: "Sista, usimwambie, atakata tamaa," naye, akiheshimu wazee wa nyumba, hukubali kumficha mgonjwa kitu ambacho mara nyingi mgonjwa mwenyewe ameshakihisi. Methali isemayo kwamba mgonjwa haulizwi uji inasifu wema usiongoja kuombwa, na wema huo ndio uliowalea watu wengi katika mitaa hii, lakini tiba shufaa inadai kitu cha ziada, nacho ni kwamba mgonjwa aulizwe: anaumwa wapi, anajua nini kuhusu ugonjwa wake, anataka kujua kiasi gani, anamtaka nani karibu naye, na anatamani kufia wapi. Kuuliza maswali hayo kwa staha, huku jamaa wakishirikishwa badala ya kupuuzwa, ni ustadi unaofundishika kama vile kuchoma sindano, na yeyote anayeudhani kuwa kipaji cha kuzaliwa anamwachia mgonjwa bahati nasibu.

Tofauti kati ya huruma na ustadi huonekana vizuri ndani ya chumba chenyewe, ambacho katika sehemu nyingi za Kibera huwa na upana wa futi kumi kwa kumi, ukuta wa mabati au udongo ukitenganisha familia moja na nyingine, pazia likigawa kitanda na jiko. Muuguzi aliyefunzwa humwomba mgonjwa aonyeshe maumivu kwa mkono wake, ngumi iliyofungwa ikiwa na maana kwamba hakuna maumivu na vidole vitano vilivyonyooshwa vikiwa na maana kwamba maumivu hayastahimiliki, na kwa njia hiyo hata bibi asiyejua kusoma anaweza kueleza iwapo dawa ya jana ilimsaidia. Ikiwa mgonjwa ni mama mwenye saratani ya titi iliyopasuka na kuwa kidonda, tatizo linalomtesa kupita maumivu huenda likawa harufu, kwa kuwa majirani huisikia kupitia ukuta, watoto hukataa kulala chumbani, na mgonjwa mwenyewe huanza kukataa wageni. Harufu hiyo hutokana na vijidudu visivyohitaji hewa, navyo hudhibitiwa kwa kuosha kidonda kwa maji safi yaliyotiwa chumvi na kukinyunyizia vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa, dawa ya bei nafuu inayopatikana katika takriban kila zahanati. Kitendo hicho kidogo humrudishia mama heshima yake mbele ya watu wa nyumbani mwake, na muuguzi asiyekijua, hata akiwa na upole wa malaika, ataondoka na kuliacha tatizo pale alipolikuta.

Hata hivyo, ustadi wote huo hukoma kwenye mlango wa sheria na ghala la dawa. Kwa utaratibu uliozoeleka Kenya, kuandika mofini ni kazi ya daktari, na kivuli cha Sheria ya Udhibiti wa Dawa za Kulevya ya mwaka 1994, iliyoweka adhabu ya hadi kifungo cha maisha kwa walanguzi, kimewafanya watoa huduma wengi kuiona chupa ya mofini kama kesi inayongojea kufunguliwa. Shirika la Human Rights Watch lilipochunguza hali ya watoto wagonjwa nchini mwaka 2010, lilikuta kwamba mofini ya kunywa ilipatikana katika hospitali saba tu kati ya takriban 250 za umma. Tangu wakati huo Kenya imepiga hatua za kweli: wizara ya afya, ikishirikiana na Chama cha Hospisi na Tiba Shufaa cha Kenya, kilichoongozwa kwa miaka mingi na Dkt. Zipporah Ali, ilianza kuingiza huduma hii katika hospitali kubwa za umma, ikatoa mwongozo wa kitaifa mwaka 2013, na baadaye sera ya tiba shufaa ya kipindi cha 2021 hadi 2030. Lakini hatua hizo zimeanzia juu, hospitalini, na zinashuka polepole kuelekea zahanati, ilhali wagonjwa wa Kibera na Kawangware hufia chini, majumbani. Kama dawa huandikwa na daktari, na zahanati haina daktari, basi mgonjwa aliye umbali wa dakika chache kutoka hospitali kubwa kuliko zote nchini anaweza kukesha akilia kwa kukosa dawa isiyo ghali.

Dunia nzima ina aibu katika jambo hili. Tume iliyoundwa na jarida la The Lancet ilieleza mwaka 2017 kwamba, katika tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizosambazwa duniani kwa mwaka, nchi za kipato cha chini zilipata tani 0.1 tu. Lakini umaskini wa nchi si hukumu ya mwisho, na ushahidi uko kwa majirani. Dkt. Anne Merriman, aliyewahi kufanya kazi katika Hospisi ya Nairobi, alikwenda Kampala na kuanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, ambako unga wa mofini ulichanganywa na maji, ukatiwa rangi ili vipimo vya nguvu tofauti visichanganywe, na kutolewa katika chupa za kawaida kwa gharama ndogo. Mwaka 2004 serikali ya Uganda ilichukua hatua ambayo nchi nyingi hazijathubutu kuichukua, ikabadilisha kanuni ili wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea tiba shufaa kwa miezi tisa waweze kuandika mofini wao wenyewe, na ikaitoa dawa hiyo bila malipo kwa wagonjwa. Kinachofundishwa na Uganda ni kwamba elimu ya muuguzi na mamlaka yake vilitungwa pamoja, mafunzo yakiwa sharti la kupata mamlaka, na mamlaka yakiwa sababu ya kuyatafuta mafunzo.

Wapo watakaosema kwamba Kibera na Kawangware si mahali pa kupeleka mofini, kwa kuwa vijana wameshaumizwa na dawa za kulevya na mlango wa bati hauzuii mwizi. Hofu hiyo ni ya haki na inastahili jibu la kiutendaji: mofini ya kunywa iliyochanganywa kwa nguvu ndogo haina mvuto kwa mlanguzi kama ilivyo dawa ya kudunga, chupa hutolewa kwa kipimo cha siku chache au wiki, matumizi huandikwa daftarini, na chupa tupu hurudishwa kabla ya kupewa nyingine. Wengine watasema kwamba muuguzi wa umma amelemewa, na wako sahihi; mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017, uliodumu takriban miezi mitano, ulionyesha taifa jinsi mzigo huo ulivyochosha. Lakini maumivu yasiyotibiwa hayapunguzi kazi, maana mgonjwa asiyetulizwa hurudishwa hospitalini mara kwa mara, huku jamaa wakiuza walicho nacho kwa matibabu yasiyobadilisha mwisho wake. Wapo pia jamaa ambao, wakiona hali imekuwa mbaya, humsafirisha mgonjwa hadi mashambani, mara nyingi magharibi mwa nchi, kwa kuwa ni nafuu kumsindikiza aliye hai kuliko kusafirisha maiti. Muuguzi aliyeshirikishwa mapema angeweza kuwasaidia kupanga safari hiyo wakati mgonjwa bado anastahimili kuketi garini, akiwa na dawa zake na barua ya kumfikisha kwa kituo cha huko.

Yapo mambo manne yanayotekelezeka. Kwanza, Baraza la Wauguzi la Kenya na vyuo vya mafunzo vihakikishe kwamba tiba shufaa haiishii kwenye kipindi cha darasani, bali kila mwanafunzi anakaa kwa muda katika hospisi au katika ziara za nyumbani chini ya muuguzi mzoefu, kwa sababu hofu ya mofini na ya mazungumzo kuhusu kifo haitolewi na daftari. Pili, Bunge na wizara ya afya virekebishe kanuni ili muuguzi aliyehitimu mafunzo maalumu aruhusiwe kuandika mofini ya kunywa, kama ilivyo Uganda. Tatu, kaunti ya Nairobi, ambayo kikatiba ndiyo yenye dhamana ya zahanati na vituo vya afya, itenge wauguzi wa tiba shufaa kwa ajili ya mitaa hii, wawe na saa rasmi za kuwatembelea wagonjwa na njia ya kupata dawa kutoka Mbagathi au Hospisi ya Nairobi. Nne, wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwakabidhi vifaa mwaka 2023 na ambao idadi yao nchini ni takriban 100,000, wafundishwe kumtambua mgonjwa mwenye maumivu na kumpa muuguzi taarifa, kwa maana mwenye jukumu la kupima shinikizo la damu nyumba kwa nyumba ndiye wa kwanza kujua nani ameacha kutoka kitandani.

Katiba ya mwaka 2010 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na inalinda utu wake, na haki hizo haziishi pale daktari anaposema kwamba ugonjwa hauponi. Sera ya sasa inafikia ukomo wake mwaka 2030, na haitatosha kuipima kwa idadi ya semina zilizoandaliwa au vyeti vilivyotolewa. Kipimo cha haki ni kwamba mgonjwa wa saratani anayeishi Silanga, Kibera, au Gatina, Kawangware, aweze kupata, kutoka kwa muuguzi wa kituo kilicho karibu naye, dawa inayotosha kumfanya alale usiku, na kwamba muuguzi huyo awe ameitoa kwa ujuzi, kwa ujasiri na kwa idhini kamili ya sheria.